Shelfu Isiyo na Miguu

Majirani wa Kahororo walisema kwamba Vestina akifika mbinguni atamdai Mtakatifu Petro kitambulisho kwanza. Aliyasikia maneno hayo, akacheka, wala hakuyakana. Kwa miaka ishirini na sita aliuza ndizi na maharage sokoni Bukoba, na sokoni ndiko alikoona debe lililobonyezwa kitako, gunia lenye maharage mazuri juu na mabovu chini, na maziwa yaliyotiwa maji ya kisima mbele ya macho ya ng'ombe mwenyewe. Alimwamini Mungu na mizani yake, na hiyo mizani aliijaribu kila Jumatatu.

Mtu wa namna hiyo kuolewa na fundi mwashi ni mtihani kwa wote wawili. Projestus alikuwa mpole, mrefu, mwenye maneno machache hata alipokuwa mzima. Alijenga nyumba za watu kuanzia Bukoba hadi Muleba, na kila aliporudi jioni mkewe alimtazama viatu kwanza, kuona vumbi lake ni la barabara gani. Hakuwahi kumkamata na lolote. Hilo nalo lilimtia shaka, maana Vestina aliamini kwamba mtu asiyekamatwa kwa miaka thelathini ama ni mtakatifu ama ni hodari sana.

Wiki moja baada ya Pasaka, kiharusi kilimpiga Projestus akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kushoto ulikufa wote, mkono na mguu. Maneno yakabaki machache, tena yalitoka mojamoja, kwa jasho. Mkono wa kulia, ule wa mwiko, ulibaki na nguvu zake zote, lakini haukuwa na kazi. Kitanda chao kilikuwa kimebanwa kwenye ukuta unaotenganisha chumba na sebule, na mgonjwa akilala, ukuta huo ndio ulikuwa kuliani kwake. Kigoda chenye kikombe, redio na rozari kilikaa upande wa kushoto, upande uliokufa. Walijaribu kugeuza kitanda, mlango ukakataa kufunguka.

Basi kila kitu ilikuwa kuita. Maji, aite. Leso, aite. Redio inakoroma, aite. Siku moja mwezi wa Septemba aliona haya kuita. Vestina alikuwa shambani nyuma ya nyumba anakata majani makavu ya migomba, na mgonjwa akajaribu kuuvusha mkono wa kulia juu ya kifua chake mwenyewe ili akifikie kikombe. Akaanguka. Vestina alimkuta sakafuni, shavu limelowa, na hakuweza kujua kama ni maji ya kikombe au ni machozi. Alimwinua huku akimgombeza, na baadaye akaenda jikoni akalia, maana alikuwa akimpenda mtu huyu kuliko alivyomwamini.

Binti yao Renatha, anayefanya kazi Mwanza, aliposikia alituma kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na ubao mnene, mweupe, mzuri, na chuma chenye vidole viwili.

"Hiyo ni shelfu ya kuelea, mama," Renatha alisema kwenye simu. "Inafungwa ukutani juu ya mkono wa baba wa kulia. Atachukua vitu vyake mwenyewe bila kuita mtu."

"Miguu yake iko wapi?"

"Haina miguu. Chuma kinafungwa ukutani, halafu ubao unakivaa. Chuma kinajificha ndani."

"Kinajificha kwa nini?"

Renatha alicheka mpaka salio likaisha. Vestina hakucheka. Alikaa akautazama ule ubao kama anavyotazamwa mkwe aliyekuja bila mshenga. Kitu kikining'inia ukutani bila kuonyesha kinachokishika, tena juu ya uso wa mtu asiyeweza kukwepa, mtu mwenye akili lazima aulize maswali. Lakini aliikumbuka sakafu iliyolowa, akaanza kutafuta fundi.

Aliulizia watu watatu kabla ya kumkubali Mashimba wa Kashai. Alikuwa Msukuma, mtu wa makamo, aliyeunda mitumbwi visiwani Muleba kwa miaka mingi kabla ya kuhamia mjini na kuanza kufunga makabati na milango. Vestina aliona hilo si jambo la kumpa alama. Fundi wa mitumbwi anatafuta nini kwenye kuta?

Alifika saa tatu asubuhi, begi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umejifuta miguu?"

"Nimejifuta."

"Jifute tena, waitu," Vestina alimsihi kwa Kihaya. "Na hilo begi lifungulie hapa nilione."

Mashimba alijifuta tena, akafungua begi, akatoa kimoja kimoja: drili, nyundo, pima maji, penseli, kalenda ya zamani iliyokunjwa. Vestina alizishika skrubu zilizokuja na shelfu, akajaribu kuzipinda kwa vidole. Hazikupinda. Akazigeukia zile plagi nne za plastiki ambazo huingizwa kwenye tundu ili skrubu ipate pa kung'ata, akaibonyeza moja kwa kucha, ikabonyea.

"Hizi ndizo zinazomshikia mume wangu uhai wake?"

"Plagi ni nzuri, mama, kama ukuta ni mzuri," alijibu Mashimba. "Ikiingia kwenye tofali gumu, inatanuka na haitoki. Nisichokijua mimi ni ukuta."

"Ukuta huu umejengwa na yeye mwenyewe," Vestina alisema, akionyesha kwa kidevu. "Matofali ya kuchoma. Mimi ndiye niliyekanyaga udongo wake kwa miguu hii, nikiwa na mimba. Tanuru lilitoa matofali ya kutosha nyumba nzima. Kwa hiyo usije ukaniambia habari za ukuta mbaya ili uongeze bei."

Projestus alikuwa amewekwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Mashimba alimwamkia kwa heshima, fundi kwa fundi, akamshika mkono wa kulia kwa mikono miwili. Kisha akaanza kugonga ukuta kwa mafundo ya vidole, sikio limeinama. Aligonga karibu na kona, akasogea katikati, akarudi. Vestina alivuta kigoda akakaa mbele yake kabisa. Aliona nyusi za fundi zikikutana, na moyo wake ukamwambia: haya, wizi unaanza.

Mashimba aliichana karatasi ya kalenda, akaikunja ikawa kama bahasha isiyo na mfuniko, akaibandika chini ya alama aliyoweka kwa penseli.

"Hiyo ya nini?"

"Ya vumbi. Mtu anaweza kunidanganya, mama, lakini vumbi huniambia niko ndani ya nini."

Vestina hakupenda lile neno, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilisemwa na mtu mwingine.

Drili ikalia. Kwanza likatoka vumbi la kijivu, la plasta. Hapo Projestus akainua mkono wa kulia. "A-a," akasema. "A-a."

"Ni kelele tu, Projesti, vumilia," Vestina alimwambia.

Drili ikaacha kulia ghafla. Ikazama kama kijiko kwenye uji mzito, na Mashimba ilibidi airudishe nyuma asije akatokea sebuleni. Akaibandua ile bahasha, akaimimina kiganjani mwa Vestina. Juu ya kijivu kulikuwa na udongo wa kahawia iliyokoza, laini, wenye harufu ya shamba baada ya mvua.

"Hili si tofali la kuchoma," alisema Mashimba. "Ni tofali bichi."

"Umetoboa kwenye kiungo."

"Tujaribu pengine."

Alijaribu mahali pa pili, udongo. Akajaribu pa tatu, karibu na mlango, udongo. Kisha, kwa ruhusa ya Vestina, akajaribu kidogo kwenye ukuta wa dirisha. Huko drili ilipiga kelele ya kuchoma meno, na vumbi likatoka jekundu kama pilipili ya kusaga.

"Nyumba yote ni ya kuchoma," alisema fundi. "Ni ukuta huu mmoja tu. Plasta imeuficha. Plagi haiwezi kushika hapa, mama. Ningeifunga leo ungenisifu, na baada ya mwezi ungenitafuta Kashai nzima."

Vestina hakumsikia tena. Alikuwa akimtazama mumewe, na Projestus alikuwa akitazama chini.

Sasa ieleweke kwamba kulikuwa na jina ambalo Vestina alikuwa ameliweka chini ya ulimi kwa miaka thelathini. Jina hilo ni Anatolia. Anatolia aliwapikia mafundi kwenye kazi za ujenzi Muleba mwaka ule ule nyumba hii ilipokuwa inajengwa, na mwaka ule ule akainua nyumba yake ndogo ya matofali, mwanamke wa kupika wali na maharage. Watu walisema, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Vestina hakuwa na ushahidi, na mtu wa mizani hasemi bila ushahidi. Sasa ushahidi ulikuwa kiganjani mwake, bado una ubaridi wa ukutani.

"Projesti," alisema taratibu. "Matofali yangu yako wapi?"

Mashimba, ambaye hakuwa mjinga, alijikohoza akasema anakwenda kuangalia hali ya ukuta upande wa sebuleni. Akatoka.

"Nakuuliza. Niliondoka nikiwa mgonjwa, nikaenda kwa mama yangu, matofali yamepangwa pale nje. Nimerudi, nimekuta nyumba imepigwa plasta na kupakwa rangi. Nikakushukuru. Nikasema mume wangu amefanya haraka ili nisije nikakaa kwenye baridi. Kumbe ulikuwa unafunika. Yalikwenda wapi?"

Mdomo wa Projestus ulifanya kazi muda mrefu. Mshipa wa shingo ulisimama.

"Mu... le... ba."

Ajabu ni kwamba Vestina hakupata ile raha aliyoitegemea miaka yote, raha ya kusema nilijua. Alipata uchungu tu, wa kizee, na aibu kwamba anamhoji mtu asiyeweza kujitetea. Lakini hakuweza kuacha.

"Muleba kwa nani? Sema jina. Nalijua, ila nataka ulitamke mwenyewe."

"Ki... shanda."

"Kishanda ni kwenu. Nimeuliza kwa nani."

Projestus alifumba macho. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alipoyafumbua alikuwa analia kwa jicho moja, lile la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa halina habari naye.

"Elina," alisema.

Jina hilo lilitoka zima, bila kukatika.

Elina hakuwa mwanamke wa mtu. Elina alikuwa mtoto wao wa kwanza, yule aliyekuwa tumboni udongo ulipokuwa ukikanyagwa. Alikufa kwa malaria akiwa na miezi minne, akazikwa Kishanda, kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo. Mazishi yalipokwisha Vestina hakuweza kusimama. Ndiyo maana alipelekwa kwa mama yake, akakaa huko zaidi ya miezi miwili. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema kwamba mtoto wa miezi minne hajengewi kaburi, apandiwe mgomba inatosha, desturi yao ilikuwa hiyo. Lakini Vestina alipopelekwa tena Kishanda alikuta kaburi dogo la matofali mekundu, lenye msalaba wa saruji, na kiukuta kifupi kikilizunguka mbuzi wasikanyage. Akaambiwa kwamba mzee Rugaibula, baba yake Projestus, ndiye aliyeagiza lijengwe, na mbele ya mzee huyo hakuna aliyefungua mdomo.

Tangu siku hiyo Vestina alimpenda baba mkwe wake kuliko baba yake mzazi. Alimpelekea nyama kila Krismasi hadi alipokufa. Na kila mwezi wa Novemba, walipokwenda kusali makaburini, alimsimamisha mumewe mbele ya kaburi lile na kumwambia maneno yale yale: "Wewe unawajengea watu wa nje. Wa kwako alijengewa na mzee." Projestus alikuwa akivua kofia, akinyamaza.

"Ni taata, baba yako, aliyejenga," Vestina alisema sasa, lakini sauti yake ilikuwa inauliza.

Projestus alitikisa kichwa. Akainua mkono wa kulia, akajigonga kifuani.

"Mimi."

"Taata alisema ni yeye."

"Alini... funika."

Vestina alikaa kwenye kitanda. Alikumbuka kwamba wazee walikuwa wakali wakati ule, na mtoto aliyewavunjia neno alitengwa. Baba amejitwika kosa la mwanawe ili ukoo usimguse, na kumwamuru afunge mdomo. Hayo aliyaelewa mara moja. Ambalo hakulielewa ni lile jingine.

"Na mimi je? Mimi si ukoo. Mimi ni mama yake. Novemba zote hizo nimekutukana pale, mbele ya mtoto, na wewe umesimama tu. Kwa nini hukuniambia?"

Projestus alijaribu. Alijaribu kweli, midomo ikapanda na kushuka, mkono ukachora kitu hewani, ukaanguka pajani. Pengine alitaka kusema kwamba alimwogopa, kwa kuwa matofali yale mkewe alikuwa ameyahesabu. Pengine alitaka kusema kwamba hakuweza kulitaja jina la mtoto. Kwa miaka thelathini alikuwa na maneno akakosa moyo wa kuyasema, na leo moyo ulikuwepo, maneno yameondoka. Vestina alimfuta jasho kwa upindo wa kanga, akamwambia aache, asijiumize.

Walikaa hivyo mpaka Mashimba alipobisha mlango uliokuwa wazi.

"Mama, nimefikiri. Tunaweza kuifunga kwenye ukuta wa dirisha, kule kuna tofali gumu. Plagi zitashika vizuri."

"Kule hafiki," alisema Vestina, bila ukali. "Mkono unaofanya kazi ni huu wa upande huu. Lazima iwe hapa. Hakuna njia?"

Mashimba alikuna kidevu. "Njia ipo, ila si ya kujificha. Kwenye mtumbwi, ubao ukiwa laini usiuamini msumari. Unatoboa ubao wote, unapitisha bolti, upande wa pili unaweka bamba la chuma na nati. Hapo ubao hausukumwi wala hauvutwi, unabanwa katikati. Tufanye hivyo. Nitoboe ukuta mpaka sebuleni, huku chuma cha shelfu, kule bamba refu. Tofali bichi halishiki skrubu, lakini ukilibana pande mbili kwa bamba pana, litabeba. Ubaya wake, wageni wataziona nati sebuleni."

"Waone," alisema Vestina.

Fundi alikwenda mjini akarudi na bolti nne ndefu na mabamba mawili ya chuma yaliyokwisha kutobolewa. Alipima kwa pima maji mara tatu. Alitoboa polepole, drili ikizunguka tu bila kupiga kama nyundo, ili udongo usimeguke. Matundu yalipokwisha kupenya, Vestina alikuwa sebuleni upande wa pili, anapokea ncha za bolti zinapotokea kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akizivisha washa, vile vipete bapa vya chuma, na nati kwa mkono wake kama alivyoelekezwa. Alikaza mpaka kidole gumba kikauma. Kila alipokaza alinong'ona jambo ambalo Mashimba hakulisikia vizuri, na kwa adabu hakuuliza.

Ubao ulipovishwa, hapakuonekana kitu chumbani ila shelfu nyeupe iliyonyooka. Mashimba aliijaribu kwa kuiegemea kwa mikono yake miwili na kuinua miguu. Haikutikisika. Vestina akasema mtu mmoja hatoshi, akaleta mkungu wa ndizi aliokuwa ameukata asubuhi, mkungu wa kushikwa na watu wawili, wakaupandisha wakauacha pale mpaka fundi alipomaliza kunywa chai, vikombe viwili. Kisha wakaushusha. Mashimba akaweka pima maji juu ya ubao, akamwita Vestina aone mwenyewe kwamba lile povu la ndani ya kioo chake limesimama katikati.

"Kila mwezi kaza nati kidogo, mama," alisema akifunga begi. "Na vitu vizito usiweke. Redio, kikombe, rozari, basi."

"Nimesikia. Mungu akubariki, baba."

Neno hilo la baba lilimshangaza Mashimba, akaondoka nalo mpaka Kashai.

Vestina alimrudisha mumewe kitandani, akamlaza, akapanga vitu juu ya ubao: redio, leso, rozari, na kikombe cha chai kilichojaa nusu. Kisha hakutoka. Alizunguka akapanda kitandani upande wa kushoto, akajisogeza mpaka kichwa chake kikawa kwenye mto wa mumewe, chini kabisa ya shelfu, kiasi kwamba kama ingeanguka ingewaangukia wote wawili. Tangu Pasaka alikuwa akilala kwenye mkeka sakafuni.

Projestus aliitazama shelfu kwa muda. Akainua mkono wa kulia, akapapasa ukingo wa ubao, akaipita redio, akakipata kikombe. Kiliinama, chai ikamwagika kidogo kwenye shuka. Hakukipeleka mdomoni mwake. Alikivusha juu ya kifua, polepole, njia ile ile iliyomwangusha Septemba, mpaka kikafika kwa mkewe.

Vestina alikipokea akanywa. Chai ilikuwa imepoa.

"Asante kwa kumjengea mtoto," alisema.

"Eee," alijibu Projestus.